Watu Wengi, Tofauti Ndogo: Wapiga Kura na Ushindi Mwembamba katika Chaguzi za Zanzibar, 1957-2021

1. Utangulizi

Visiwa vya Unguja na Pemba vyajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya lahaja ya Kiunguja, ambayo ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu kinachofundishwa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Havijulikani sana kwa jambo jingine ambalo wanahistoria wa siasa wameliona kuwa la ajabu: kwamba huko watu wamekuwa wakijitokeza kupiga kura kwa wingi usio wa kawaida, na kwamba mara kwa mara kura hizo nyingi zimegawanyika karibu sawa kwa sawa. Mwaka wa 1961 kiti kimoja cha Pemba kiliamuliwa kwa kura 1. Mwaka wa 1995 urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa kura 1,565, na mwaka wa 2010 kwa kura 3,471.

Wengi hudhani kwamba uchaguzi ulioitikiwa na watu wengi ndio wenye uwezo mkubwa zaidi wa kumaliza ubishi. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: ikiwa takriban kila raia amesema neno lake, nani atakayedai kwamba hakusikilizwa? Historia ya Zanzibar haikubaliani na dhana hiyo. Chaguzi za 1995 na 2010 zilifanana mno kwa hesabu, lakini matunda yake yalikuwa tofauti kabisa: wa kwanza ulizaa miaka mingi ya ugomvi, na wa pili ulimalizika kwa mshindani kumpa mkono mshindi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu ya tofauti hiyo haikuwa katika sanduku la kura. Ilikuwa katika yale yaliyokubaliwa kabla ya siku ya kupiga kura, juu ya hali ya yule atakayeshindwa.

2. Chaguzi za mwisho wa ukoloni, 1957-1963

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, chini ya himaya ya Waingereza, kwa viti 6 tu vya Baraza la Kutunga Sheria. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, na wanaume nao waliwekewa masharti. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, hakikupata hata kiti kimoja. Ushindi ulikwenda upande wa Afro-Shirazi, uliokuwa ukiongozwa na Abeid Amani Karume. Kwa hiyo uchaguzi huo haukuwa na utata wa hesabu. Faida yake kubwa ilikuwa kuvifundisha vyama kazi ya kutafuta wafuasi nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba.

Funzo hilo lilionekana Januari 1961. Viti vilikuwa 22, na wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza. Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu, Zanzibar and Pemba People's Party, kilichokuwa na nguvu zaidi Pemba, kilipata 3. Kiti cha kumi cha Afro-Shirazi kilikuwa kile cha Chake Chake, kilichopatikana kwa kura 1. Lau kura hiyo ingalikwenda upande wa pili, vyama viwili vikubwa vingalibadilishana nafasi. Wajumbe 3 wa chama cha tatu nao waligawanyika: 2 wakaungana na Hizbu na 1 akaungana na Afro-Shirazi. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na hapakuwa na serikali iliyoweza kuundwa.

Serikali ya kikoloni iliongeza jimbo moja ili idadi ya viti isigawanyike nusu kwa nusu, na uchaguzi ukarudiwa mwanzoni mwa Juni 1961. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 walioandikishwa walipiga kura. Vyama viwili vikubwa vilipata viti 10 kila kimoja; chama cha tatu kilibaki na 3 na kuungana na Hizbu, na Mohamed Shamte akawa kiongozi wa serikali. Afro-Shirazi, iliyokuwa imepata karibu nusu ya kura zote, ikajikuta nje. Siku ya kupiga kura ilianza kwa tuhuma za watu kupiga kura mara mbili, ikaishia katika machafuko yaliyoenea mjini na mashambani. Watu 68 waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu.

Uchaguzi wa Julai 1963 uliongeza jeraha juu ya jeraha. Sasa kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura, na karibu wote walioandikishwa walifika vituoni. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na mshirika wake 6. Kura za Afro-Shirazi zilikuwa zimerundikana katika majimbo ya Unguja ambako ilishinda kwa tofauti kubwa, hali wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Serikali iliyokabidhiwa uhuru huo ilidumu siku 33, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Sababu za Mapinduzi ni nyingi, na haifai kuzifunga zote ndani ya sanduku la kura: umilikaji wa ardhi, kumbukumbu ya utumwa, na mgawanyo wa kazi na elimu vilikuwa na uzito wao. Hata hivyo, yafaa kuzingatia kwamba katika muda wa miaka miwili na nusu Wazanzibari walipiga kura mara tatu, kwa wingi ambao nchi kongwe za demokrasia hazikuwa nao, na kila mara nusu moja ya nchi ilitoka vituoni ikiamini kwamba imedhulumiwa. Katika utaratibu ule, aliyepungukiwa kiti kimoja alikosa vyote.

3. Miaka ya chama kimoja

Baada ya 1964 uchaguzi ulitoweka. Karume alitawala bila ya kupigiwa kura mpaka alipouawa Aprili 1972. Afro-Shirazi Party iliungana na TANU ya Tanzania Bara mwaka wa 1977 na kuzaa Chama cha Mapinduzi, yaani CCM. Chaguzi ziliporudi mwaka wa 1980, palikuwa na mgombea mmoja tu wa urais, na raia aliulizwa kujibu ndiyo au hapana.

Hata katika utaratibu huo finyu, mgawanyiko wa zamani ulijitokeza. Mwaka wa 1985 Idris Abdul Wakil, mgombea pekee, alipata takriban asilimia 60 tu ya kura za ndiyo. Kwa mtu asiye na mshindani, hiyo ilikuwa ishara isiyoweza kufichika. Miaka mitatu baadaye Seif Sharif Hamad, Mpemba aliyekuwa Waziri Kiongozi, aliondolewa madarakani na kufukuzwa chamani. Vyama vingi vilipohalalishwa tena mwaka wa 1992, yeye akawa nguzo ya chama kipya cha Civic United Front, yaani CUF. Miaka 28 ya kimya haikuwa imeubadilisha mgawanyiko uliokuwapo, iliufunika tu.

4. Uchaguzi wa 1995

Tarehe 22 Oktoba 1995 Wazanzibari walipiga kura kumchagua rais wao kati ya wagombea wawili: Salmin Amour wa CCM, aliyekuwa madarakani, na Seif Sharif Hamad wa CUF. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 walioandikishwa walijitokeza. Matokeo yalitangazwa tarehe 26 Oktoba: Salmin Amour kura 165,271, sawa na asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad kura 163,706, sawa na asilimia 49.8.

Kura za wawakilishi ziligawanyika kwa namna inayoeleza zaidi. CCM ilipata viti 26 na CUF 24. Viti vyote 26 vya CCM vilikuwa vya Unguja. CUF ilipata viti vyote 21 vya Pemba na 3 vya Unguja. Kwa maneno mengine, matokeo yaliyoonekana kuwa sawa kwa sawa katika hesabu ya jumla hayakuwa sawa mahali popote pale nchini. Pemba nzima ilikuwa upande mmoja, na sehemu kubwa ya Unguja upande wa pili. Mwanakijiji wa Pemba aliyeambiwa kwamba CCM imeshinda alikuwa na haki ya kushangaa, kwani huenda hakumfahamu jirani hata mmoja aliyekipigia kura chama hicho. Na mwenzake wa mashamba ya kusini ya Unguja angalishangaa vivyo hivyo kama angaliambiwa kinyume chake.

Watazamaji wa kimataifa walieleza kwamba palikuwa na kasoro katika ulinganisho wa hesabu za vituo na jumla zilizotangazwa. Kasoro ambayo katika ushindi wa kura laki moja ingalikuwa ya kuandikwa pembezoni mwa ripoti, katika ushindi wa kura 1,565 ilikuwa kiini cha jambo lote. CUF ilikataa kumtambua rais, na wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza. Wafadhili wa nje walisimamisha misaada. Wanachama 18 wa CUF walishtakiwa kwa uhaini na kukaa rumande kwa zaidi ya miaka miwili. Serikali iliyochaguliwa na nusu ya watu iliwatawala watu wote kana kwamba nusu ya pili haikupiga kura.

5. Kwa nini wingi wa wapiga kura hauondoi shaka

Katika nchi ambako watu wengi hubaki nyumbani siku ya uchaguzi, aliyeshindwa ana faraja: aweza kusema kwamba wafuasi wake hawakujitokeza, na kwamba mara nyingine atawahimiza zaidi. Faraja hiyo haipo mahali ambapo wote wamekwisha kujitokeza. Zanzibar ya 1961, na ile ya 1995, haikuwa na akiba ya wapiga kura waliolala. Wala haikuwa na watu wengi wasio na upande, wa kushawishiwa kwa hotuba na ahadi, kwa kuwa chama kilirithiwa nyumbani pamoja na kumbukumbu za 1961 na 1964.

Palipokosekana watu wa kushawishiwa na watu wa kuamshwa, njia ya kubadili matokeo ilibaki kuwa mbili: daftari na hesabu. Ndiyo maana ugomvi wa uchaguzi wa Zanzibar ulianza miezi mingi kabla ya siku yenyewe, katika swali la nani ana haki ya kuandikishwa. Sheria ya 1995 ilimtaka mpiga kura awe ameishi jimboni mwake kwa miaka 5. Sharti hilo lililenga kuzuia watu kuhamishwa kwa ajili ya kura, lakini lilimkosesha haki mtu aliyehama kutafuta kazi au kuoa. Aliyethibitisha ukaazi huo mtaani na kijijini alikuwa sheha. Kwa asili, sheha alikuwa mzee wa mji aliyeheshimiwa na watu wake. Katika utawala wa baadaye alikuwa mtumishi wa serikali. Kwa mpinzani, kusimama mbele ya sheha kuomba kutambuliwa kulikuwa sawa na kumwomba mchezaji wa timu ya pili awe mwamuzi.

Hapa yafaa kulitazama neno kura lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kile kinachopigwa ili bahati iamue jambo ambalo wanadamu wameshindwa kuliamua. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili: wenye kugawana vitu hupiga kura kujua nani atachukua kipi. Lakini wanaopiga kura ya namna hiyo huwa wamekwisha kukubaliana juu ya mambo mawili: kwamba hakuna atakayeigusa kura isipokuwa kwa uwazi, na kwamba kila mmoja atapata fungu lake, zuri au baya. Kura ya Zanzibar ya 1995 ilikosa yote mawili. Kamati ya kuhesabu haikuaminiwa na pande zote, na fungu lilikuwa moja tu.

6. Kutoka muafaka hadi maridhiano

Juhudi za kupatanisha zilianza kwa kutafuta jina. Jumuiya ya Madola ilisimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa Juni 1999, uliojulikana kwa jina la Muafaka. Neno hili limetoka Kiarabu na lina maana ya kukubaliana, kulingana kwa kauli. Mkataba huo uliahidi marekebisho ya tume ya uchaguzi na ya daftari, lakini uchaguzi wa Oktoba 2000 ulifika kabla ya ahadi kutimizwa. Kura za majimbo 16 zilifutwa na kurudiwa, CUF ikasusia marudio, na Amani Abeid Karume, mtoto wa rais wa kwanza, akatangazwa mshindi. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa Kongo, Rwanda na Burundi, ilitoa wakimbizi wake yenyewe.

Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001. Uliingiza wajumbe wa CUF katika tume ya uchaguzi na kuleta daftari la kudumu. Uchaguzi wa 2005 ulikuwa na utaratibu bora zaidi, na Karume alishinda kwa asilimia 53 dhidi ya 46. Hata hivyo malalamiko yalibaki, kwa sababu mikataba yote miwili ilitengeneza namna ya kushindana bila ya kugusa matokeo ya kushindwa.

Badiliko lilikuja tarehe 5 Novemba 2009, Karume na Seif walipokutana ana kwa ana. Mwenendo uliofuata haukuitwa muafaka wa tatu. Uliitwa maridhiano. Tofauti ya maneno haya mawili yafaa kuchunguzwa na wanaisimu. Muafaka ni jina lililokopwa likiwa limekamilika, na watu wawili waweza kuafikiana kwa kalamu hali mioyo yao imekataa. Maridhiano limeundwa ndani ya Kiswahili kutokana na kitenzi ridhi, nacho kikatiwa kiambishi -an- cha kutendana: kila mmoja amemridhia mwenzake. Jina hilo lilidai zaidi ya saini.

Nalo lilipewa mwili. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walijibu ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kwa kura kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watagawanywa kwa kulingana na viti. Kwa mara ya kwanza mafungu yalikuwa mawili.

7. Uchaguzi wa 2010 na yaliyofuata

Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Oktoba 2010, karibu watu 9 katika kila 10 walioandikishwa walipiga kura. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata kura 179,809, yaani asilimia 50.1. Seif Sharif Hamad alipata 176,338, yaani asilimia 49.1. Wagombea wengine waligawana kilichobaki, kisichofika asilimia 1. Pengo lilikuwa la kura 3,471, na mgombea wa upinzani alikuwa yule yule wa 1995. Safari hii alisimama hadharani siku matokeo yalipotangazwa, akayakubali na kumpongeza mshindi. Siku chache baadaye aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Haiwezi kusemwa kwamba mwaka ule hapakuwa na mashaka juu ya hesabu. Kura 3,471 hazitoshi kuondoa mashaka ya mtu aliyekwisha kushindwa mara tatu. Lililobadilika ni uzito wa mashaka hayo. Mwaka wa 1995 kura 1,565 zilitenganisha kupata vyote na kukosa vyote. Mwaka wa 2010 kura 3,471 zilitenganisha nafasi ya kwanza na nafasi ya pili ndani ya nyumba moja.

Uthibitisho wa kinyume ulikuja upesi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza tarehe 28 kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Kura za rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile na watu wale wale, zilihesabiwa kuwa halali. Marudio yalifanyika tarehe 20 Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, na Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Ushindi huo ulikuwa mpana kuliko wowote wa vyama vingi visiwani, na ulikuwa dhaifu kuliko wote. Makamu wa Kwanza hakupatikana, na serikali ya umoja ikalala mpaka Desemba 2020, Seif alipoingia tena katika nafasi hiyo kwa chama kingine, ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi mwingine uliolalamikiwa vikali. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

8. Hitimisho

Msomaji wa Kongo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kulinganisha. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa 2006, Joseph Kabila alipata asilimia 58 na Jean-Pierre Bemba 42. Mikoa ya mashariki, inayosema Kiswahili, ilikuwa upande mmoja, na sehemu kubwa ya magharibi, inayosema Kilingala, upande wa pili. Pengo lilikuwa pana kuliko lolote lililotajwa hapa la Zanzibar kabla ya 2016, isipokuwa lile la 2000. Hata hivyo, Machi 2007 risasi zililia mjini Kinshasa kati ya jeshi na walinzi wa Bemba, naye akaondoka nchini mwezi uliofuata. Katiba haikuwa imemwekea mtu wa pili nafasi yoyote katika serikali.

Kwa hiyo swali ambalo hesabu za Zanzibar zaliacha si la ukubwa wa pengo, wala si la wingi wa watu vituoni peke yake. Wingi wa watu waonyesha kwamba jambo ni zito kwao. Pengo dogo laonyesha kwamba nchi ina pande mbili zenye nguvu sawa. Yote mawili ni habari juu ya nchi. Hayajawa bado suluhisho. Daftari safi na tume inayoaminika ni lazima, na mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba bila ya hizo hata maridhiano huvunjika kwa tangazo la siku moja. Lakini daftari safi lina uwezo wa kusema nani ameshinda tu. Nusu ya nchi iliyoshindwa yapaswa kujua, kabla ya kwenda kupiga kura, itaishi vipi kesho yake.